Mhungaria wa Unguja

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita kule Kitale, na tangu siku hiyo sijakutana na jambo likaniacha mdomo wazi. Hapa Riyadh nimeona kozi, yule ndege wa kuwindia, akisafiri na pasipoti yake mwenyewe wakati mimi sina hata ikama, kile kibali cha kuishi hapa. Nimemwendesha bosi aliyenunua gari jipya kwa sababu la zamani lilikuwa na vumbi. Nilianza kama dereva wa nyumba, nikilala Shumaisi chumba kimoja na wanaume wa mataifa manne, na leo ni mshirika wa kafili wangu, Msaudi anayenidhamini, katika jiko la hafla pale Malaz, jiko lenye magari mawili ya baridi na wapishi wanaopokea mshahara mkononi mwangu. Sikubebwa na mtu. Digrii sina, na wenye digrii wananipigia simu kuomba kazi. Kwa hiyo nikisema Mpishi alinikasirisha kuliko binadamu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, usidhani nimeshangaa. Nimekasirika tu, na hadi leo sijapoa.

Sote tulimwita Mpishi, ingawa jikoni kulikuwa na wapishi wengine saba. Ukisema "mpishi" hao saba hawakugeuka. Alikuwa mzee wa Unguja, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka kama ameumeza mwiko. Ujanani mwake serikali ilimpeleka Hungaria kusomea upishi wa hoteli, na huko alikaa hadi akaota ndoto za Kihungaria. Mayai aliyahesabu kwa lugha hiyo. Ukimwaga unga, alikutukana kwa lugha hiyo hiyo, pole pole, kama mtu anayekusomea dua.

Alikuwa na haja moja tu katika maisha yake ya kazi, nami niliijua mapema. Mtihani wa mwisho wa chuo chao haukuwa wa karatasi. Mwanafunzi alipika, akapanga meza, kisha akasimama mbele yake kwa nguo nyeupe, akawapokea wageni na kuwaeleza kila sahani: inaitwaje, inaliwa lini, inafuatana na nini. Mpishi alisimama siku hiyo moja. Baada ya hapo aliingia kwenye majiko ya watu, Unguja, kisha Jeddah, kisha Riyadh, na hakuna mtu aliyemtoa tena. Chakula kilipita kwenye tundu la ukutani, yeye akabaki upande wa moshi.

"Nataka nisimame mara moja tena," aliniambia. "Mbele. Mtu ale huku ananiona."

"Mzee, siku nikiwa mkubwa, nitakusimamisha mimi."

"Wewe? Wewe dereva, hata kitunguu hujui kukata."

"Nitakuwa mkubwa, utaona."

Nikawa mkubwa. Ahadi yangu ikabaki pale pale, ikinitazama.

Sasa nieleze habari ya mvinyo, maana watu wamemsingizia mengi. Huyu mzee, katika nchi hii isiyo na hata tone la mvinyo, alikuwa anajua mvinyo kuliko mtu yeyote. Chuoni kwao walifundishwa kupika na kumimina pamoja, na kukwepa somo hakukuwezekana. Alinieleza juu ya milima ambako zabibu huachwa kwenye mti hadi ziote ukungu na kukunjamana kama uso wa bibi kizee, ndipo wazichume moja moja kwa vidole, na mvinyo wake unatoka mtamu, wa rangi ya asali. Alieleza maghala yaliyochimbwa chini ya ardhi, kuta zake zimevaa ukungu mweusi laini kama manyoya ya paka, na mwenye ghala anatembea na mrija mkubwa wa kioo begani, anauzamisha ndani ya pipa, anavuta kwa mdomo, kisha anakumiminia kutoka juu bila kumwaga.

"Wewe ulionja?" nilimuuliza.

"Mimi niliishika chupa, mwanangu. Chupa haikunishika mimi."

"Kwa hiyo hukuonja."

"Niliinusa nikaitema. Mwalimu akaandika nimefaulu."

Niliamini nusu. Lakini mkono wake ulikuwa ushahidi. Kila alichomimina, maziwa ya laban, sharubati ya zabibu, hata mafuta ya kupikia, mwishoni aliizungusha chupa kidogo kwa kifundo cha mkono ili tone la mwisho lisidondoke. Kitambaa cheupe kilikuwa mkononi daima. Na tukigonganisha glasi za sharubati, ilikuwa lazima umtazame machoni. Ukitazama pembeni, glasi yake hairudi mezani hadi urudie. Alisema kule usipomtazama mtu machoni wakati wa kugonga glasi, umemdharau. Na glasi za bia hata hazigongwi kabisa, ni mwiko wao wa zamani. Hapo akatazama glasi yangu kana kwamba sharubati ingeweza kugeuka bia.

Wapo waliodhani mtu anayejua hivyo lazima anapika pombe kwa siri. Siku moja dereva mmoja alimletea chupa ya juisi ya zabibu iliyolala kitandani chini ya nguo kwa majuma kadhaa, akataka mtaalamu aseme kama imeiva. Mpishi alifungua, akanusa, akaimimina yote kwenye sinki, mwishoni akaizungusha chupa kwa kifundo cha mkono ili tone lisidondoke sakafuni.

"Imeiva?" yule dereva akauliza, macho yamemtoka.

"Imeiva jela. Toka jikoni kwangu."

Alikuwa hivyo. Sheria ya nchi hakuigusa hata kwa ukucha. Wahungaria wana mkate wa kukunja wa sikukuu, ndani unajazwa mbegu nyeusi ndogo za mpopi zilizosagwa na sukari, na mbegu hizo hapa haziingii, ni marufuku kama dawa za kulevya. Mimi, kwa moyo mzuri kabisa, nikajitolea kumwomba kijana mmoja anayetoka likizo aweke kidogo ndani ya soksi. Mpishi alipiga meza hadi vijiko vikaruka.

"Unataka kufa kwa ajili ya mkate? Mbegu hizo hapa hazipo. Mafi! Kwisha."

Akautengeneza kwa lozi na jozi, zile kokwa za ganda gumu, zilizosagwa, na hakumwambia mteja yeyote kwamba ndio ule wa kwao. Alisema, "Huu ni mkate wa jozi." Nilimwambia biashara haiendi hivyo, mteja anataka jina. Akaniambia jina lina mwenyewe.

Ubishi wake! Supu yao ile maarufu ya nyama, gulashi, nilitaka tuiuze kama mchuzi mzito juu ya wali, kwa kuwa watu wa hapa wanapenda wali. Sina haja ya kueleza nilivyotukanwa. Gulashi ni supu, alisema, ni chakula cha wachungaji, inapikwa kwenye sufuria inayoning'inia juu ya moto, inanywewa kwa kijiko. Kitunguu kingi, mafuta ya mnyama (hapa alitumia ya mkia wa kondoo, na alikiri kwamba ni bora kuliko ya kwao), kisha unaepua sufuria, ndipo unatia ile pilipili tamu nyekundu ya unga wanayoiita paprika. Unaepua kwanza. Ukiitia juu ya moto inaungua, inakuwa chungu, na rangi yake inakuwa kahawia kama kutu. Wapishi wangu wote walifanya kosa hilo, wote, na kila mmoja aliondolewa mbele ya sufuria kwa kuvutwa aproni.

"Mzee, mimi ndiye bosi hapa," nikamwambia siku moja baada ya yeye kumfukuza mpishi wangu Mbengali, mzuri kabisa, kwa ajili ya kijiko kimoja cha unga.

"Bosi ni wewe," akasema. "Sufuria ni yangu. Yalla, nenda kahesabu pesa."

Lakini ukitaka kumjua, ungemwona na chokoleti.

Hii alinifundisha nyumbani kwake Shumaisi, chumba cha juu chenye jiko la gesi la plati mbili na kiyoyozi kinachokohoa. Nilikuwa bado dereva, Ijumaa yangu ya mapumziko. Saudia hii watu wanakula chokoleti kama sisi tunavyokula mahindi: Idi ikifika, sinia za chokoleti; mtoto akizaliwa, sinia; mtu akipona, sinia. Nikaona mapema kwamba mtu anayejua kuyeyusha chokoleti hawezi kulala njaa. Sasa watu wengi wanadhani kuyeyusha ni kuweka motoni. Nami nilidhani hivyo.

"Hebu weka maji kwenye sufuria," alisema. "Kidogo. Yasiguse bakuli. Bakuli linakaa juu, linapata mvuke tu, chini yake hewa."

Nikaweka. Nikachukua kifuniko.

"We! Kifuniko cha nini?"

"Iyeyuke haraka."

"Mvuke utapanda, utageuka maji kwenye kifuniko, yatadondoka ndani. Tone moja tu, Mkenya, tone moja, chokoleti yote inashikana inakuwa mchanga."

"Maji yanaikausha?"

"Maji yanaikausha. Maziwa mengi hayaiharibu, siagi haiiharibu, tone moja la maji linaiua. Wewe unataka kuniuliza kwa nini. Mimi si mwalimu wa kemia. Kausha mwiko."

Niliukausha mwiko kwa shati langu. Akanipokonya mwiko akauweka mbali, akanipa mwingine. Alizima moto vipande vingine vikiwa bado vigumu, akaniambia nikoroge, vitayeyuka vyenyewe kwa joto la wenzao. Kisha akachovya ncha ya kijiko, akaigusisha chini ya mdomo wake wa chini, akasubiri.

"Ukihisi joto, imezidi. Ukihisi baridi, bado. Usipohisi kitu, sawa."

Akajifuta kwa kitambaa. Hakulamba. Alikuwa na kisukari, huyu mtu aliyepika keki kwa miaka yote hiyo. Tamu zake zote alizijua kwa ngozi ya kidevu.

Na kanuni iliyo kubwa kuliko zote: chokoleti ikishaanza kuyeyuka, huiachi. Hupokei simu. Hufungui mlango. Mtu akibisha, abishe. Alipanga hata sala kwa ajili yake. Adhana ikikaribia, hakuanza kuyeyusha mpaka awe amesali. "Mungu ananisubiri," aliniambia, "chokoleti hainisubiri." Nikamwambia hiyo ni kufuru. Akacheka mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akaniambia nikoroge.

Sasa nifike kwenye Jeddah, ambako damu yangu bado inachemka.

Tajiri mmoja wa Jeddah alikuwa na kijana aliyemaliza udaktari huko Hungaria. Baba alitaka kumkaribisha kwa hafla nyumbani, mchana baada ya Alasiri, wageni wa kiume tu, na meza kubwa ya vyakula vya Hungaria kumkumbusha kijana alikosoma. Mratibu wa hafla, madam mmoja wa kazi hiyo pale Jeddah, akatafuta jiko linalojua Hungaria. Nani mwingine katika nchi hii yote? Mimi! Nilipopata simu, niliingia jikoni Malaz nikapaza sauti kama nimeshinda kura.

"Mzee, siku imefika! Unasimama!"

Mpishi alikuwa anakata vitunguu. Hakuinua kichwa. Lakini jioni ile nilimkuta chumbani kwake akipiga pasi koti lake jeupe, koti la kazi la kila siku, na alikuwa ameliweka chini ya kitambaa chenye unyevu ili pasi isiliachie mng'aro. Nilipoona hivyo nilirudi nyuma. Nilifunga mlango nikashuka.

Tulisafiri kwa gari la baridi, chokoleti kwenye masanduku, yeye kiti cha mbele akishika kwenye magoti ile keki yake ya tabaka nyembamba zenye krimu ya chokoleti, juu yake sukari iliyoungua ikawa ngumu kama kioo, ambayo lazima uikate kwa kisu kilichopakwa siagi kabla haijaganda. Njia nzima hakuniruhusu kupita tuta kwa kasi. Jeddah ilitupokea kwa joto lake lile la baharini, joto ambalo ukishuka garini shati lako linalia. Mpishi aliamuru masanduku ya chokoleti yasifunguliwe mpaka yafikie joto la chumba, kwa sababu hewa ile yenye maji ikigusana na chokoleti baridi, inatoka jasho. Aliamuru pia stroberi za kuchovya zikaushwe kwa kitambaa, moja moja. Kila kitu kilikuwa tayari. Alivaa koti lake. Akasimama mbele ya meza, mikono nyuma, na akawa kijana.

Ndipo madam akaingia. Akamtazama. Akanitazama.

"Huyu nani?"

"Huyu ndiye mpishi, madam. Amesoma Hungaria kwenyewe."

"Hapana, hapana, habibi. Meza ya Hungaria inahitaji mtu wa Hungaria." Na akamtoa nyuma ya mlango, kama mchawi, Mzungu mmoja mrefu mwenye nywele za rangi ya mahindi, tayari amevaa kofia ndefu nyeupe. "Huyu atasimama. Babu atakaa jikoni. Gharama ya huyu wa kusimama iko kwenye hesabu yako, tumeandika."

Nilimuuliza yule Mzungu unatoka Hungaria? Masikini, hakuwa mtu mbaya. Akaniambia kwa aibu yeye ni mwalimu wa kuogelea katika nyumba za matajiri, na Hungaria hajawahi kufika.

"Madam," nikasema, "huyu anafundisha watoto kuogelea!"

"Anaonekana," akasema. "Wageni wanakula kwa macho."

Mnasikia hayo? Mtu aliyejua zabibu zinavyooza mlimani, aliyeimba Kihungaria akichekecha unga, arudi kwenye moshi. Na mtu wa kuogelea asimame na keki! Niliongea, nikapiga kelele, nikatishia kubeba meza yangu yote kurudi Riyadh. Madam akanionyesha saa: wageni wako langoni. Nikageuka kumtafuta Mpishi aniunge mkono. Alikuwa ameshatoka. Alikuwa jikoni, koti limekunjwa juu ya kiti, amefunga aproni.

"Mzee, tuondoke!"

"Watu wamekuja kula," akasema. "Epua ile sufuria."

Wageni wakala. Gulashi ikaisha. Yule kijana daktari alifika mezani, akamsalimu Mzungu kwa Kihungaria, sentensi nzima na tabasamu. Mzungu akajibu kwa Kiingereza, asante, asante. Kijana akamtazama tena kidogo, akaelewa, akatabasamu tena kwa adabu. Akachukua kipande cha keki. Akauma. Akasimama pale pale, akafumba macho.

Akaniuliza, "Nani ameoka hii?"

Kabla sijafungua mdomo, madam alishafika. "Mpishi wetu," akasema, akamgusa Mzungu bega.

Kijana akatikisa kichwa. "Siyo huyu. Nataka kumwona aliyeoka."

Nikakimbia. Wallahi nilikimbia, mimi na tumbo langu hili. Niliingia jikoni nikisema, "Mzee, toka! Daktari anakutaka wewe, anakuuliza wewe!"

Sasa sikilizeni. Madam alikuwa ameamuru stroberi ziloweshwe kwenye barafu ili zing'ae. Wageni wakazichovya zikiwa na maji kwenye bakuli la chokoleti, na bakuli lote likashikana, likawa mchanga, mbele ya watu. Mpishi aliambiwa kupitia tundu la ukutani. Alikuwa amechukua chokoleti yote iliyobaki, ya mwisho, na alikuwa anaiyeyusha. Bakuli juu ya sufuria. Mwiko mkavu. Hakugeuka.

"Chokoleti iko motoni," akasema.

"Nitaishika mimi! Mimi! Ulinifundisha mwenyewe!"

Akanitazama. Jasho la Jeddah lilikuwa likinitiririka kutoka utosini hadi kwenye kidevu, linadondoka.

"Wewe?" akasema. "Wewe ni mvua."

"Mzee, miaka yote umesubiri hii!"

"Nikiiacha itakufa. Wageni watasema meza ya Hungaria ilikuwa mchanga." Akakoroga. "Mwambie daktari asubiri kidogo."

Niliporudi, baba yake alikuwa amemvuta kijana kwenda kupiga picha na wajomba. Hakurudi mezani. Bakuli jipya la chokoleti lilitoka kupitia tundu la ukutani, laini, linang'aa kama kioo, na watu wakampigia makofi mwalimu wa kuogelea.

Njiani kurudi Riyadh nilimlaumu hadi Taif. Nilimwambia amejidhulumu. Nilimwambia mtu anayechagua bakuli kuliko jina lake hawezi kusaidiwa. Nilimwambia mimi nimetoka darasa la sita nikafika hapa kwa sababu sikumwacha mtu asimame mahali pangu. Yeye alitazama barabara. Tulipopita milima alisema tu, "Keki ilikatwa vizuri. Nilichungulia." Nikataka kusimamisha gari nimshushe jangwani. Na Mungu ananijua, sikumaanisha.

Baada ya hapo alianza kuzeeka kama mtu aliyepewa ruhusa. Macho yakapungua, sukari ikapanda, mtoto wake Unguja akapiga simu kila juma: rudi nyumbani. Kafili akakubali kumkamilishia karatasi zake za kuondoka moja kwa moja. Nikasema huyu mzee haondoki hivi hivi, mimi siyo mtu wa kuacha ahadi.

Nikakodi istiraha nje kidogo ya Riyadh, zile nyumba za mapumziko zenye bustani na zulia la nje, Ijumaa mchana. Sikualika matajiri. Nikaalika watu wetu: madereva, manesi wawili wa Tanzania, wasichana wa kazi za nyumbani waliopata ruhusa ya siku, mwalimu mmoja wa Mombasa anayejua kila kitu. Meza nikaiweka katikati ya bustani, mahali ambapo hakuna ukuta wala tundu. Mpishi akapika tangu asubuhi akinung'unika: gesi dhaifu, paprika ya zamani, meza inayumba, nani alinunua visu hivi. Kisha akavaa koti lake, akasimama mbele.

Alieleza kila sahani. Supu, si mchuzi, rudieni pamoja nami: supu. Mkate wa jozi, na safari hii akasema wazi kwamba ndani ulipaswa kuwa na mbegu zisizoruhusiwa hapa, na kwamba kwao mbegu hizo huliwa sikukuu ili nyumba isikose pesa. Kwa kila chakula alitaja mvinyo wake, huu mwekundu unaoitwa damu ya fahali, huu mtamu wa zabibu za ukungu, kisha akainua jagi la sharubati na kumimina, mkono ukazunguka mwishoni.

"Mzee, wewe ulikunywa wewe!" msichana mmoja wa Machakos akapiga kelele. "Huwezi kujua hivyo bila kunywa!"

"Binti, nitazame machoni tugonge."

"Nakutazama."

"Unatazama keki."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mwalimu wa Mombasa alijaribu kusahihisha habari za Hungaria, akanyamazishwa na bustani nzima. Manesi walirudi mezani mara ya tatu. Mpishi alisimama. Alisimama wima muda wote ule, hakukaa hata alipoletewa kiti, na kila mtu alikula huku anamwona. Nami nilikaa pembeni nikiwa na kiburi kama baba wa bwana harusi, nikisema moyoni: nimetimiza, mimi, mtu wa Kitale.

Watu walipoondoka, nilimfuata na mikono wazi nimkumbatie. Akaninyooshea kiganja.

"Malipo yangu," akasema.

"Malipo gani? Mzee! Hii ilikuwa zawadi. Nimekodi istiraha, nimenunua nyama, nimelipa mabasi!"

"Hiyo ni ya wageni wako. Mimi nimefanya kazi. Yule Mzungu wa Jeddah ulimlipa kiasi gani kusimama?"

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Baada ya yote! Mtu nimemtendea wema huo, ananidai kama hoteli! Nilimwambia ni dhuluma, ni tamaa ya uzee, kwamba rafiki hamlipishi rafiki. Alisubiri nimalize, mikono nyuma ya mgongo, vile vile alivyosimama mbele ya meza.

"Ulimlipa kiasi gani?"

"Elfu moja mia mbili."

"Na teksi yake?"

"Thelathini na tano."

"Basi na mimi hivyo hivyo," akasema. "Usinipunguzie, usiniongezee."

Nikatoa pochi pale pale kwenye nyasi, nikamhesabia kiganjani huku nimenuna, na yeye akihesabu pamoja nami kwa Kihungaria: riyali elfu moja mia mbili thelathini na tano.